Nimenunua kiwanja kilichopimwa. Mbona nadaiwa tena bomba na barabara?

"Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi hapa Mbeya. Mwaka juzi nilinunua kiwanja cha mita za mraba 640 upande wa Uyole kutoka kampuni ya upimaji, milioni 11, nikaambiwa kimepimwa na huduma zote zipo. Nimeshapandisha boma. Sasa watu wa maji wanasema bomba la karibu liko mita 580, kwa hiyo ninunue mabomba mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa naye anataka kila kiwanja kichange 250,000 ya barabara, maana mvua zilizopita hata bodaboda zilishindwa kupita. Hati nimelipia, kodi ya ardhi nalipa, kodi ya majengo nitakatwa kwenye LUKU ninaponunua umeme. Ndugu yangu aliyeko Marekani ananiambia kule mwenye mradi ndiye analipia kila kitu kabla ya kujenga, mwananchi hasumbuliwi. Je, ninaibiwa? Nani hasa anatakiwa kulipia miundombinu ya mtaa mpya? Ndaga fijo."

Marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na nadhani kinachokuuma zaidi si ile laki mbili na nusu. Ni kwamba kila ukimaliza kulipa huyu anatokea mwingine, na hakuna anayekueleza ulicholipa jana kilikwenda wapi. Nimefanya kazi ya mipangomiji katika Nyanda hizi za Juu Kusini kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali lako nimeulizwa na watu wa Isyesye, wa Iwambi, na wa Kihesa kule Iringa, karibu kwa maneno yaleyale.

Nikupe jibu fupi kwanza. Kwa uliyoniandikia, siwezi kusema umeibiwa. Naweza kusema umelipishwa vibaya. Gharama unazodaiwa leo ni za kweli, lakini zilipaswa kuhesabiwa na kutajwa siku ile kiwanja kilipopewa bei, wakati bado ungeweza kusema "basi punguza" au ukaenda kununua kwingine. Zimekuja baada ya boma kusimama, na mtu mwenye boma hana pa kwenda. Kuna mtu aliyeuza ardhi kwa bei ya mtaa wenye huduma, akakuachia wewe uzilete hizo huduma.

Tuanze na ulizokwisha kulipa, maana hapo ndipo wengi hujichanganya. Fedha za hati ni tozo ya mbele, ada ya upimaji, maandalizi ya hati, usajili na ushuru wa stempu. Hizo zinalipia haki yako juu ya ardhi na karatasi zake, hazikutengwa kwa bomba la mtaani kwenu. Kodi ya ardhi ya kila mwaka ni kodi ya pango kwa maana yake halisi. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na wewe unaitumia kwa muda uliotajwa kwenye hati. Kodi hiyo inakwenda serikali kuu.

Kodi ya majengo ndiyo inayofanana zaidi na kile unachokifikiria, lakini itazame kwa hesabu. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Chukua mtaa mzima wenye nyumba 500, kila moja ikilipa bila kukosa. Ni milioni 9 kwa mwaka. Milioni 9 hazitoshi hata kujengea mitaro ya barabara moja ya maana, achilia mbali lami. Kwa hiyo yule anayesema "kodi yangu ya majengo ingetosha kujenga barabara yetu kama isingeliwa" anakosea hesabu, hata kama ana haki ya kuuliza inatumikaje.

Barabara za mitaa zina mfuko mwingine. Zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka Mfuko wa Barabara, yaani kwenye tozo ya mafuta. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo za mijini na vijijini. Hivyo hata bodaboda aliyekwama kwenye tope la mtaa wenu anachangia. Ila kuna jambo ambalo watu hawaambiwi mapema: barabara ambayo haijaingia kwenye orodha ya mtandao wa TARURA haipangiwi fedha za matengenezo. Mtaa mpya unaweza kuwa na barabara safi kabisa kwenye mchoro wa mipangomiji, zenye upana na majina, na bado kwenye orodha ile usiwepo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kwenda kuuliza, nami nitalirudia chini.

Sasa kwa nini mji unaokua unaleta gharama hizi zote? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Ni ongezeko la watu zaidi ya laki moja na nusu ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakubanana Mwanjelwa na Soweto. Walikwenda pembeni, kwenye mashamba ya mahindi na viazi yaliyogeuka viwanja. Kila shamba linalogeuka linahitaji vitu vya aina mbili tofauti sana. Kuna vya mlangoni: barabara ya mtaa, mtaro, bomba dogo, nguzo za umeme. Na kuna vya mbali ambavyo huvioni: tangi kubwa la maji, chanzo chenyewe, barabara ya kukuunganisha na barabara kuu ya TANZAM, shule, daraja.

Vya mlangoni mtu anavielewa. Vya mbali ndivyo vinavyoleta ugomvi, kwa sababu gharama yake haipandi polepole kama ngazi za nyumba. Inakaa kimya, kisha inaruka. Tangi lililojengwa kwa nyumba elfu mbili linazihudumia vizuri nyumba 1,900. Nyumba ya 1,901 haileti shida, wala ya 1,950. Lakini ikifika ya 2,100, wa juu mlimani wanaanza kupata maji saa nane usiku, na dawa ni tangi jipya la mamia ya mamilioni. Nani amelisababisha tangi hilo? Wa mwisho kufika? Wote? Mbeya imelazimika kwenda kuchukua maji Mto Kiwira kwa sababu vyanzo vya zamani vimezidiwa na watu. Huwezi kumwandikia bili ya Kiwira mwenye nyumba wa mwisho kufika, na si haki pia kwamba mwenye viwanja mia tatu vya kuuza asichangie kitu.

Hapa ndipo miji ya dunia inatofautiana, na ndipo ndugu yako aliyeko Marekani amepata nusu ya habari. Ni kweli miji mingi kule humtoza anayejenga ada maalumu kabla ya kumpa kibali, kwa ajili ya barabara, maji, bustani, wakati mwingine shule. Ada hizo zilipata nguvu hasa pale wapiga kura walipobana kodi za majengo. California walifanya hivyo mwaka 1978 kwa kura iliyoweka kikomo cha asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Kodi ya wote ilipobanwa, miji ikageukia wanaoingia.

Lakini si kweli kwamba mwananchi hasumbuliwi. Kuna mzee mmoja wa kule California, George Sheetz, aliyetaka kuweka nyumba iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake mwenyewe pale Placerville. Hakuwa na mradi, hakuwa tajiri wa viwanja. Alikuwa mtu kama wewe. Kaunti ya El Dorado ikamtaka dola 23,420 za barabara ndiyo impe kibali. Kiasi hicho kilitoka kwenye jedwali la viwango, hakuna aliyekokotoa nyumba yake moja ingeongeza magari mangapi. Akalipa huku akipinga, akaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Aprili 2024 majaji wote walikubaliana: kwamba ada imeandikwa kwenye sheria ya kaunti hakuiepushi na kipimo cha haki. Hawakusema ada zenyewe ni haramu. Walisema zipimwe, wakarudisha kesi California.

Kipimo chenyewe kilitoka kwenye kesi mbili za nyuma, ya 1987 na ya 1994. Ile ya 1994 ilihusu mama mwenye duka la vifaa vya bomba na umeme katika mji wa Tigard, Oregon. Alitaka kupanua duka, mji ukamwambia atoe sehemu ya ardhi yake, moja ya kupitisha maji ya mafuriko, nyingine ya njia ya baiskeli. Mahakama ikauliza maswali ambayo ningependa kila halmashauri yetu ijiulize: je, unachomdai mtu kinahusiana kweli na mzigo anaouleta? Na je, kiasi chake kinakaribia ukubwa wa mzigo huo? Huhitaji kuwa wakili wa Kimarekani kuona uzuri wa maswali hayo. Shangazi yako akichangisha harusi, anauliza hayohayo.

Hapo juu nimesema gharama zilipaswa kutajwa mapema. Naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu katika miaka yote ya kazi hii sijaona jambo linaloamua haki na dhuluma kama muda wa kutajwa.

Tuseme mkulima wa Uyole ana ekari moja, na kampuni inataka kuinunua iikate viwanja. Kama sheria inasema wazi kwamba huwezi kuuza kiwanja hata kimoja mpaka mitaro ichimbwe na bomba lifike, na hesabu ya kazi hiyo ni milioni 8, kampuni itafanya nini? Itakwenda kwa mkulima na bei ndogo zaidi, kwa sababu inajua ina milioni 8 za kutoa. Mkulima bado anapata faida, maana shamba la mahindi limepanda thamani kwa sababu tu mji umelifikia, si kwa jasho lake. Wewe unanunua kiwanja kwa bei ileile ya soko, lakini bomba lipo. Gharama imebebwa na ile thamani iliyoongezeka bila jasho la mtu.

Sasa ondoa sheria ile, au iache isisimamiwe. Kampuni haina cha kupunguza. Inamlipa mkulima bei kubwa, au inabaki na faida kubwa, inakuuzia wewe kwa bei ileile ya soko ya milioni 11, inaondoka. Milioni 8 hazijafutika. Zinasubiri mlangoni kwako kwa jina la bomba na mchango wa barabara. Mtaa ni uleule, mitaro ni ileile, bei ya kiwanja ni ileile. Kilichobadilika ni siku ya kutaja, na kwa hiyo mlipaji.

Sitaki kukudanganya kwamba hili ni rahisi. Pale ambapo ardhi iliyopimwa ni haba na watu ni wengi, sehemu ya ada humwangukia mnunuzi hata ikitajwa mapema. Ukiiweka kubwa mno, yule fundi au mama wa genge anayehitaji kiwanja kidogo atakikimbia kiwanja chako kilichopimwa na kwenda kujenga kwenye mteremko wa mlima, kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa. Baadaye jiji litalipa mara mbili kupitisha barabara katikati ya nyumba zake. Kwa hiyo mimi siungi mkono ada kubwa. Naunga mkono ada inayojulikana mapema, inayolingana na mzigo, na inayotumika palepale ilipotozwa.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda kwa mazingira yetu: kulipa kwa ardhi. Jimbo la Gujarat kule India limeitumia kwa miongo mingi, chini ya sheria iliyoanza 1915. Wenye mashamba wanaunganisha ardhi yao, mji unachora barabara na maeneo ya wazi, kisha kila mmoja anarudishiwa kipande kidogo kuliko alichotoa, ila kina barabara mbele yake. Fanya hesabu hiyo hapa kwetu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Toa asilimia 30 kwa barabara na huduma, unabaki na takriban 2,830. Hivyo ni viwanja vinne vya mita 700, vyote vinafikika kwa gari na vina hati. Mzee wa shamba hajatoa hata shilingi, na watu wa chini yake hawatadaiwa ardhi ya barabara baada ya miaka kumi. Ugumu ni kuaminiana. Lazima wote wakubali, na lazima mchoro uheshimiwe na wakubwa na wadogo sawasawa.

Na sisi wenyewe tuna somo letu. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza 2002 ulitumia mkopo wa Hazina. Serikali ikalipa fidia, ikapima, ikafungua barabara, kisha gharama zikarudi kupitia bei ya viwanja. Hiyo ndiyo ada ya miundombinu, ila imefichwa ndani ya bei. Fedha zilirudi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini barabara nyingi zilikuwa za udongo, maji na umeme vikachelewa nyuma, na viwanja vingi vikakaa miaka bila nyumba. Bei ilibeba upimaji, haikubeba mtaa.

Kosa hilo nami nimelifanya. Katika mji mmoja ambao sitautaja nilishiriki kuandaa viwanja ambavyo bei yake ilihesabiwa kwa barabara za kupitisha greda tu, bila mtaro. Nilikuwa kijana, na wote tulitaka bei iwe ndogo ili watumishi wa chini wamudu. Udongo wetu huu wenye majivu ya volkano ni mwepesi. Mvua za mwaka wa kwanza zilichora makorongo, za mwaka wa pili zikaanika bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Wale watumishi niliotaka kuwasaidia ndio waliokuja kuchangishana kununua mawe. Nikiwaza bei nzuri ya kiwanja mpaka leo nawaona wale watu wakibeba mawe Jumamosi.

Turudi kwako sasa. Maji kwanza, kwa sababu huko ndiko unaweza kupoteza fedha nyingi zaidi kwa haraka. Usinunue mabomba ya mita 580 peke yako, na hasa usinunue la inchi moja ili iwe rahisi. Bomba jembamba litakutosha wewe mwaka huu, kisha majirani wataunga, presha itakufa, na litafukuliwa. Omba mamlaka ya maji mchoro na makadirio ya maandishi kwa bomba la ukubwa unaofaa mtaa mzima. Kisha tafuta majirani. Mkiwa 10, ni mita 58 kila mmoja.

Najua utaniambia wengine hawajajenga, hawataki kutoa fedha leo. Ni kweli, na ndiyo maana aliyetangulia huumia siku zote. Jimbo la Washington kule Marekani wana utaratibu mzuri wa hili: aliyelipia bomba anaandikishiana na mji, na kila anayekuja kuunga baadaye analipa fungu lake, nalo linarudi kwa aliyetangulia, kwa miaka iliyokubaliwa. Wewe nenda na wazo hilo mezani. Uliza kwa maandishi mambo mawili: kama mamlaka inaweza kukurudishia sehemu ya gharama kupitia bili zako, na kama watakaounga baadaye watatakiwa kuchangia. Jibu likiwa ndiyo, liwe mkataba wenye saini kabla hujanunua hata koki. Likiwa hapana, andikianeni ninyi wenyewe majirani mbele ya mwanasheria, ingawa mkataba huo ni dhaifu zaidi kwa sababu haumfungi asiyesaini.

Kuhusu mchango wa barabara, hapa pana mpaka wa kisheria. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na kutiwa nguvu na sheria hiyo. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kukutoza kodi. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo, na malipo yake huja na namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Kama hakuna sheria ndogo, basi hiyo 250,000 ni mchango wa hiari, hata ukitamkwa kwa sauti ya amri. Usinyimwe barua ya utambulisho wala mihuri kwa sababu hukuutoa.

Hata hivyo sikushauri ususie. Barabara mbovu inakuumiza wewe kuliko inavyomuumiza mwenyekiti, na wewe unatoka zamu usiku. Nenda kwenye mkutano, omba makadirio ya kazi, akaunti ya benki yenye saini zaidi ya mbili, na kamati ambayo mwenyekiti si mweka hazina wake. Na mwombe mhandisi wa TARURA apite kabla ya fedha kutumika, kwa sababu mbili. Kwanza, aseme kama barabara yenu ipo kwenye mtandao, na kama haipo, mtaa uandike kuiombea kupitia kwa diwani. Pili, aseme maji ya mvua yanatakiwa kuelekea wapi. Watu wa mitaa mipya hupenda kuanza na moramu kwa sababu inaonekana. Anzeni na mitaro na makalavati. Moramu iliyomwagwa bila mtaro kwenye udongo huu wa Uyole huwa imeshafika bondeni kabla ya Januari.

Inabaki kampuni. Toa mkataba wako wa mauziano na tangazo lao, hata kama ni picha kwenye simu, usome kila neno. "Huduma zote zipo" na "huduma zipo jirani" ni ahadi mbili tofauti kabisa. Kama ahadi ipo kwenye mkataba, unaweza kudai, na Sheria ya Ukomo ya 1971 inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, kwa hiyo bado una muda. Kama ilisemwa kwa mdomo tu siku ya kutembezwa viwanjani, kazi ni ngumu zaidi, lakini wanunuzi ishirini wanaosimulia ahadi moja si sawa na mmoja. Mara nyingi barua moja ya wakili iliyosainiwa na wote huleta mazungumzo bila kesi.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua nikiwa mbali. Nenda mwenyewe ofisi ya mipangomiji ya jiji, na namba ya kiwanja na kitalu, uombe kuuona mchoro ulioidhinishwa. Masharti ya idhini huwa yameandikwa, na kama kampuni ilitakiwa kufungua barabara au kuacha eneo la wazi kabla ya kuuza, hapo ndipo utaliona. Ukiona barabara ya kwenye mchoro imekatwa kiwanja na kuuzwa, au bikoni zako hazilingani na ramani ya upimaji, usichange wala usiendelee kujenga. Chukua mpima ardhi aliyesajiliwa, na ikibidi lipeleke Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgogoro wa maji ukishindikana kwa mazungumzo, EWURA CCC ndilo baraza la kumtetea mtumiaji. Na kama ada ya wakili ni nzito, wapo watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza.

Ukienda, usiende peke yako. Chukua majirani watatu na nakala za mikataba yao, na mwende mapema, kabla mvua za Novemba hazijaanza, ili mhandisi aweze kufika na gari mpaka kwenye boma lako.